Jeneza la Jua

Mkata sabuni ndiye aliyelibuni jina hilo, na jina akishalitoa yeye halifuliki likatoka. Siku sanduku lilipokamilika pale uani, refu, limevishwa mabati ya kijivu, limejinyoosha chini ya dohani, alivua kofia, akainamisha kichwa na kuuliza kwa sauti ya msibani, "Jamani, marehemu anazikwa saa ngapi?" Basi. Toka siku ile kiwanda kizima kikaliita Jeneza, na aliyelijenga hakuwa na la kufanya ila kucheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Aliyelijenga alikuwa binti mwembamba, mpwa wa mwenye kiwanda, aliyeitwa Waya tangu utotoni. Sababu zilikuwa mbili: umbo lake, na tabia yake ya kufungua kila kitu chenye waya ndani. Redio ya baba yake ilitangulia ahera. Pasi ya mama ikafuata. Kufikia siku alipohitimu ufundi wa umeme, nyumbani kwao zilikuwa zimebaki taa mbili tu zinazowaka, na moja ilitaka kwanza ipigwe kofi.

Kiwanda cha shangazi kilichemsha sabuni. Kilikuwa na pipa moja la chuma lenye kimo cha mtu na nusu, mashine ya kukoroga, meza ndefu ya kukatia, na rafu za kukaushia zilizofika darini. Juu ya paa shangazi alikuwa ameweka sola za kuendeshea mashine, na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Mchana, jua likiwa la utosini, sola zilitoa umeme mwingi kuliko mashine zote zilivyoweza kuumeza, na ule wa ziada ulipotea bure kama maji ya bomba lililosahauliwa wazi. Alfajiri, pipa lilipotaka moto, jua lilikuwa bado limejifunika shuka. Hapo ziliingia kuni, mzigo juu ya mzigo, na moshi wake, na machozi yake.

"Shangazi," Waya alisema siku moja, "mchana tunamwaga, asubuhi tunalia kiu. Si tuweke akiba?"

"Umeme huwekwa kwenye betri, mwanangu. Na betri za kuchemsha pipa lile, mpaka niuze kiwanda ndiyo nizinunue. Halafu nichemshe nini? Betri?"

"Sitaki betri. Nataka matofali."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe amepanda mnazi. Lakini Waya alimweleza, na maelezo yakaingia. Unapanga matofali magumu, yale yanayojengewa matanuri. Katikati yake unapitisha nyaya nene kama zile za jiko la umeme. Mchana umeme wa ziada unaingia kwenye nyaya, na matofali yanapata joto mpaka yanaiva kama makaa. Nje unayafunga blanketi nene la sufi ya mawe, nyuzi zisizoungua, ili joto lisipate pa kutokea. Asubuhi unawasha feni, ambayo betri ya gari inaitosha, hewa inapita kati ya matofali, inatoka ikiwa ya moto, inapita chini ya pipa, kisha inaishilia kwenye dohani. Jua la jana linachemsha sabuni ya leo.

Shangazi alipenda hapo pa "jua la jana". Alikuwa mtu wa kula kiporo na haoni haya.

Tatizo ni kwamba Jeneza lilikataa kufufuka.

Kila jioni Waya aliliacha mshale wa kipimajoto umesimama wima, matofali yameshiba. Kila asubuhi alikuta mshale umelala chali. Akiwasha feni, kinachotoka ni hewa ya vuguvugu. "Kama pumzi ya mbuzi," alisema Mkata sabuni, ambaye hakuna aliyemuuliza. Pipa halikutoa hata kiputo kimoja, kuni zikaletwa mbio, na kazi ikachelewa. Waya alifungua mabati akalitazama blanketi: zima. Akalifunga upya, akaziba kila ufa kwa udongo, akapitisha kiganja chake kila mahali kama daktari anayetafuta bandama. Hakuna pa kuvuja. Kesho yake, mbuzi yuleyule.

Shangazi alivumilia, kisha subira ikafika ukingoni.

"Jumamosi asubuhi," alisema, mikono kiunoni. "Likichemsha, limechemsha. Lisipochemsha, mfuga kuku wa huko nyuma anataka matofali ya banda. Na mjomba wako anataka mtu wa kaunta."

Mjomba aliuza viatu. Hilo si baya, viatu ni kitu cha heshima. Baya ni kwamba mjomba alikuwa na hadithi moja tu maishani mwake, ya namna alivyovunjika mguu, na aliisimulia kwa kila mteja, kila siku, na mtu wa kaunta alitakiwa kushtuka upya kila mguu ulipovunjika. Msaidizi wa mwisho alikuwa ameacha kazi bila kuaga. Waya alitaka maisha yake yawe hapa, kati ya mashine na harufu ya sabuni. Kule, mguu mmoja ungevunjika mpaka yeye mwenyewe azeeke.

Wiki ile akaanza kumtazama Babu Makaa kwa jicho la pembeni.

Babu Makaa ndiye aliyekuwa mchochea moto wa kiwanda, tangu enzi za baba yake shangazi. Mikono yake ilikuwa imekauka kwa joto mpaka aliweza kuokota kaa na kuwashia nalo sigara, na nyusi zake ziliungua kitambo zikakata tamaa ya kuota. Alikuwa na desturi moja isiyoguswa na mtu: kulaza moto, yaani kuhakikisha hakibaki cha kuwaka usiku. Kazi ikiisha, watu wote walitoka uani, yeye akafunga mlango, akabaki na moto wake. Husimami nyuma ya mchochea moto anapolaza moto. Cheche hazina adabu. Akishamaliza alifunga kiwanda, akaondoka na funguo, na asubuhi ni yeye aliyefungua. Waya alikua akiiona desturi hiyo, kama vile unavyokua ukiuona mlango wa chumba cha wazazi: umefungwa, na huulizi.

Sasa aliuliza moyoni. Nani anapoteza kazi Jeneza likifufuka? Nani anabaki uani peke yake kila jioni? Na kila asubuhi Jeneza likishindwa, nani anakuja na kuni zake, tena anasema "pole mjukuu wangu" kwa sauti tamu vile? Alijiona mbaya kwa kuwaza hivyo, maana Babu Makaa ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli. Lakini wazo ni kama nzi, humfukuzi kwa kumwonea haya.

Ijumaa jioni, wafanyakazi wakiwa wanavaa viatu vyao vya kurudia nyumbani, mgeni asiyetarajiwa aliingia ofisini kwa shangazi. Alikuwa Mama Dobi wa nyuma ya ukuta, ameshika kikapu cha mashuka yaliyokunjwa.

Hapa lazima ijulikane kwamba Mama Dobi na shangazi walikuwa wamegombana kwa miaka kwa ajili ya masizi. Dohani ya kiwanda ilichungulia kwenye kamba zake za nguo. Alikuwa akianika nyeupe na kuanua za madoadoa. Sauti yake ilipita juu ya ukuta karibu kila siku, na shangazi aliijibu bila hata kuacha alichokuwa akikifanya.

"Shoga," alisema Mama Dobi, "leo sikuja kwa ugomvi."

Shangazi akashika kiti. "Unaumwa?"

"Mzima wa afya. Haya mashuka yako nimekufulia, na pasi nimepiga, na sitaki kitu. Nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini?"

"Hilo sanduku lenu! Toka mlipoliweka, jioni dohani inanipulizia upepo wa moto, safi, hauna masizi hata chembe. Naanika magharibi, chakula hakijaiva nguo zimekauka. Blanketi, shoga! Blanketi zima, nyuma na mbele!"

Waya alikuwa chini ya meza ya ofisi, akifunga soketi. Aliinua kichwa kwa kasi, meza ikampokea.

"Jioni?" aliuliza kutoka huko chini.

"Yesu na Maria, kuna mtu humo! Ndiyo, jioni."

"Si asubuhi?"

"Asubuhi ni moshi wa kuni uleule, binti yangu. Asubuhi sianiki hata leso."

Waya hakuaga. Alitoka mbio na bisibisi mkononi, akaupita mlango wa kukatia, akaufikia mlango wa uani uliofungwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akausukuma.

Babu Makaa alikuwa amesimama kando ya Jeneza, ameshika ndoano yake ya chuma. Kitundu cha hewa cha chini alikuwa ameshakifungua. Kilango cha dohani alikuwa akikivuta kwa mnyororo, taratibu, huku akiimba kibembelezo, kile cha kulazia watoto wachanga. Juu kabisa, mdomoni mwa dohani, hewa ilikuwa ikicheza kama inavyocheza juu ya lami wakati wa jua kali. Joto la siku nzima lilikuwa linaondoka zake kwenda kukausha mashuka.

"Babu!"

Mzee aliruka. "We mtoto! Humu hakuingiwi!"

"Babu, unafanya nini?"

"Nalaza moto. Nafanya nini kingine? Nalima?"

"Kwa hiyo ni wewe! Kila siku ni wewe! Mimi nazibaziba nyufa mpaka kucha zimeisha, kumbe wewe unafungua juu na chini!"

Babu Makaa alitazama mlango, kisha akashusha sauti. "Punguza kelele, shangazi yako atasikia. Nimekuficha siku zote hizi, usijianike mwenyewe."

"Umenificha?"

"Sasa? Kila jioni unaondoka umeacha moto umo ndani, unachachatika. Siku ya kwanza nikasema, ah, mtoto kasahau, ana mambo mengi kichwani. Siku ya pili nikasema, huyu ni msahaulifu kama marehemu babu yake. Nikasema sitamwaibisha. Nikawa nalaza mimi kimyakimya, na asubuhi nafunga vilango mapema, mtu asijue. Nimemwambia mtu? Sijamwambia mtu."

Wiki nzima alikuwa amemweka mzee kizimbani, kumbe mzee wiki nzima alikuwa amemfunika yeye aibu. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na zaidi ya yote alitaka kufunga kile kilango.

"Babu, mimi sikusahau. Lile joto linatakiwa libaki humo mpaka asubuhi."

"Libaki lifanye nini?"

"Lichemshe pipa!"

"Pipa la asubuhi? Nani anawasha jiko jana ili apike kesho?"

Kweli, hakuna aliyewahi kumweleza. Waya alikuwa amemweleza shangazi, amewaeleza mafundi wa sola, hata Mkata sabuni amemweleza mara mbili. Kwa Babu Makaa alikuwa amesema tu, "Babu, usihangaike, hili linajiendesha lenyewe."

"Basi nifungie, Babu. Tafadhali. Kesho ndiyo Jumamosi."

"Sifungi." Mzee alisimamisha ndoano kama mkuki. "Nikupende vipi, sifungi. Moto ukiachwa peke yake huota ndoto, na ndoto ya moto ni moja tu, kiwanda kuungua. Nimelaza moto hapa kabla mama yako hajaolewa na siku moja sijauacha macho."

Waya alianza kwa njia aliyofundishwa. Alitaja nishati, alitaja uhamishaji wa joto, na alipofika kwenye ukinzani Babu Makaa alimkata. "Ukitaka kunitukana, nitukane kwa lugha ninayoijua." Mshale ulikuwa umeanza kuteremka. Waya aliuona, akabadili njia.

"Babu, moto unakula nini?"

"Swali gani hilo? Kuni. Makaa. Maranda. Nyumba, ukiupa."

"Humu ndani kuna nini?"

"Matofali."

"Moto unakula tofali?"

Mzee alifikiri. "Tofali hauli. Tofali unalichukia kama mtoto na dawa."

"Basi humu hamna moto, Babu. Kuna joto tu, limejikunyata, halina cha kula. Haliwezi kwenda popote usipolifungulia wewe."

"Hayo ni maneno," alisema Babu Makaa, lakini ndoano ilishuka kidogo. Alilikaribia Jeneza, akalilaza shavu lake juu ya bati. Akasikiliza. Akahama, akasikiliza upande wa pili, akakunja pale ambapo zamani palikuwa na nyusi. "Baridi," alikiri. Kisha akaenda kwenye banda la kuni, akarudi na gao la maranda makavu, akayamwaga juu ya Jeneza. Akaketi kwenye gogo, akafungua chupa yake ya chai.

"Nikimaliza kikombe hiki, na maranda hayajabadilika rangi, nafunga. Yakibadilika hata moja, nalaza, na kesho uende ukauze viatu."

"Funga kwanza, Babu, halafu ndiyo unywe!"

"Mtihani haufanywi mwanafunzi kafungiwa. Tulia."

Hakuna chai iliyowahi kunywewa polepole kama ile. Babu Makaa, mtu wa kushika makaa kwa mkono mtupu, alikuwa na ulimi wa malkia. Alipuliza. Akaonja. Akapuliza tena. Akaeleza kwamba chai ya moto hupasua meno. Waya alisimama katikati, jicho moja kwenye kikombe, jicho moja kwenye mshale, na vyote viwili vilikuwa vinashuka, ila mshale ulikuwa unaongoza.

"Babu, meza!"

"Nimeze niungue? Wewe ndiye utakayekuja kuniuguza?"

"Nitakuuguza! Meza!"

Hatimaye alimeza la mwisho, akakung'uta kikombe, akasimama, magoti yote mawili yakialika. Aliokota maranda moja moja, akayanusa, akayavunja, akalitafuna moja. Yalikuwa meupe kama yalivyotoka kwa seremala.

"Haya," alisema. Akavuta mnyororo, kilango kikaanguka kwa mlio mzito. Akafunga kitundu cha chini. Akalipapasa Jeneza mara moja, kwa haya kidogo. "Lala, lakini sina imani na wewe."

Nyuma ya ukuta ikapaa sauti wanayoijua wote. "Nyie! Nyie huko! Mbona upepo umekata? Nina mashuka ya watu hapa!"

Waya hakumsikia. Alikuwa anautazama mshale. Ulikuwa umesimama chini ya nusu, na kwa hesabu zake, nusu ndiyo iliyotosha kuchemsha pipa.

Jumamosi wote walikusanyika. Shangazi alikuja na futi ya kupimia, jambo ambalo halikumfurahisha Waya hata kidogo. Alikataa kuhatarisha mafuta yake mazuri. Katika pipa aliamuru yatiwe maji na vipande vilivyobaki mezani kwa Mkata sabuni, vile vinavyoyeyushwa kuwa sabuni ya kufulia. "Kama ni kuharibika, viharibike vilivyoharibika," alisema.

Babu Makaa alisimama kando, macho mekundu. Alikiri amepita mara kadhaa nje ya ukuta usiku kunusa kama kuna kinachoungua, na alichonusa ni sabuni tu. Waya alimwita pembeni kabla ya kuwasha feni.

"Shangazi akiuliza kwa nini lilikuwa linapoa, nitasema kulikuwa na mahali panavuja."

"Panavuja wapi?"

"Juu kidogo, na chini kidogo. Nimeshapaziba."

Mzee alimtazama, akakohoa, akaangalia viatu vyake. "Fundi mzuri huziba vizuri," alisema.

Waya akawasha feni. Ilinguruma, na hewa iliyofika chini ya pipa haikuwa ya mbuzi yeyote. Alipoelekeza kiganja kwenye bomba alikirudisha mara moja. Lakini pipa ni pipa. Lilikaa pale na tumbo lake la chuma, kimya. Mkata sabuni akatoa salamu za rambirambi. Akauliza kama kuna kamati ya mazishi. Akajitolea kusoma wasifu wa marehemu. Mshale wa Jeneza ulizidi kushuka, na pipa halikusema neno. Waya aliteremsha kasi ya feni kidogo ili hewa ikae zaidi chini ya pipa, akafunika mdomo wa pipa kwa bati, na baada ya hapo mikono yake haikuwa na kazi nyingine, ikabaki kufinyana yenyewe.

Shangazi alisubiri kuliko alivyoahidi, kwa hilo lazima asifiwe. Mwishowe alikunjua futi, akaligeuzia pipa mgongo na kuanza kulipima Jeneza.

"Mwanangu," alisema, akiwa ameinama, "usivunjike moyo. Banda la kuku nalo ni jengo. Na mjomba wako si mtu mbaya. Ile hadithi ya mguu, ukiisikia kwa mara ya mia inaanza kuwa na..."

"Shangazi," alisema Waya.

"Usinikate kauli. Inaanza kuwa na mafunzo ndani yake. Kwanza yeye alipovunjika..."

"Shangazi, sogea."

Bati la kufunikia lilikuwa limeinuka. Lilitikisika mara ya kwanza kwa aibu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kupita. Kisha likapiga makofi, kisha likaruka, na nyuma yake likatoka povu, jeupe, nene, linavuta pumzi na kupanda, likajaa mdomo wa pipa, likamwagika pembeni na kuteremka sakafuni likitoa mvuke. Mkata sabuni alipanda juu ya meza yake bila kukumbuka kutoa rambirambi. Babu Makaa aliruka nyuma akipiga kelele, "Zima! Zima! Linaota!" Waya akazima feni huku anacheka mpaka anashika mbavu. Povu lilimfuata shangazi hadi mlangoni, likampokonya ndara ya mguu wa kushoto, likatulia.

Pipa lilikuwa likijichekea ndani kwa ndani: blubu, blubu, blubu.

Shangazi alisimama kwa mguu mmoja. Alilitazama pipa, akalitazama povu. Hakuna hata kijiti kimoja cha kuni kilichokuwa kimewaka.

"Na hilo," aliuliza polepole, "lilikuwa limeshiba?"

"Nusu tumbo, Shangazi. Hata nusu halikufika."

"Na siku za mawingu?"

"Siku za mawingu litakula kidogo, tutaongezea na kuni. Babu Makaa ndiye atakayeangalia vyote viwili. Mimi sijui kuni."

"Na huyu anajua matofali?"

"Nayajua," alisema Babu Makaa haraka. "Hayaliki."

Shangazi akatoa simu. Alipiga huku ameegemea mlango, mguu mtupu ukining'inia. "Shemeji? Salama. Sikiliza, tafuta mtu mwingine wa kaunta. Huyu ana kazi huku. Ndiyo. Hapana, sina nafasi ya kuusikiliza mguu sasa hivi, wangu mwenyewe umepotelewa na ndara." Akakata, akaikunja futi na kumrushia Mkata sabuni. "Wewe, shuka huko juu, ulete fagio na maji. Na hilo jina la jeneza life leo."

"Tuliite nini basi, Bosi?"

"Liite unavyotaka, lakini kitu kinachofanya kazi hakizikwi."

Waya aliingia kwenye mabuti ya mpira na kuanza kusukuma povu uani. Babu Makaa hakumsaidia. Alikuwa amebeba gogo lake la kukalia mpaka mahali panapoonekana paa lote, akaketi, ndoano magotini.

"Mjukuu wangu, hili linaanza kula saa ngapi?"

"Saa nne hivi, jua likishapanda na mashine zikishatosheka."

Mzee alikaza macho juu. Kulikuwa na kiwingu kimoja tu angani, kidogo, kimesahauliwa na wenzake, kinajikokota kuelekea upande wa sola. Babu Makaa alisimama, akakiinulia ndoano.

"We!" alikikemea. "Pita huko!"